Idd Ikisogea, Kalenda Yako Itajuaje?

Jioni ya tarehe 29 Ramadhani watu husubiri tangazo la mwezi, Tanzania kwa Mufti, Kenya kwa Kadhi Mkuu. Shule na ofisi zilizokwisha kutangaza Idd kwenye kalenda ya mtandaoni hujikuta na tarehe inayoweza kusogea siku moja. Hapo ndipo hujulikana nani amejiunga na kalenda hiyo na nani aliipakua tu.

Ukipakua faili la kalenda, lile ambalo jina lake huishia na .ics, unapata nakala ya mambo yalivyokuwa dakika ile. Mwenye kalenda akiihamisha Idd kutoka Ijumaa hadi Jumamosi, kwako itabaki Ijumaa mpaka uirekebishe mwenyewe. Ukijiunga kwa anwani, programu yako huirudia anwani hiyo kila baada ya muda na kuisoma upya. Muda huo ndio unaoponza wengi: katika Google Calendar, mabadiliko ya kalenda uliyoiongeza kwa anwani yanaweza kuchukua hata saa 12 kuonekana. Mwezi ukitangazwa saa tatu usiku, simu inaweza kukuarifu asubuhi watu wakiwa wameshatoka kuswali. Kwa jambo la usiku huohuo, meseji bado haina mpinzani.

Ndani ya faili hilo mna maandishi matupu ambayo yeyote anaweza kuyafungua na kuyasoma. Muundo wake, iCalendar, ulichapishwa 1998 na kufanyiwa marekebisho 2009, ndiyo maana iPhone, Outlook na Thunderbird zote zinalielewa faili moja. Utakuta mstari kama huu:

DTSTART:20261209T060000Z

Ni mwaka, mwezi na tarehe, kisha saa. Ile Z ya mwisho ina maana kwamba saa imeandikwa kwa UTC, ambayo Afrika Mashariki imeitangulia kwa saa tatu. Kwa hiyo 0600 hiyo ni saa tatu kamili asubuhi Dar es Salaam na Nairobi, saa mbili Lubumbashi, saa nne Muscat. Kila simu hujipigia hesabu yake, mradi aliyeandika hakukosea kanda ya saa.

Tukio la siku nzima lina mtego wake. Sikukuu ya 9 Desemba huandikwa kwamba inaisha tarehe 10, kwa kuwa tarehe ya mwisho haihesabiwi. Anayeunda kalenda ya shule kwa mkono bila kulijua hili huwanyang'anya wanafunzi siku moja ya likizo.

Kuhusu siri, watu ni wepesi mno. Anwani ya faragha ya kalenda haiulizi nywila. Aliyenayo anasoma, na ikishatupwa kwenye kundi la WhatsApp huwezi kujua imefika wapi. Anayeandika "familia yote Tanga, Ijumaa hadi Jumapili" amewaambia wasomaji wote kwamba nyumba haina mtu. Kama wateja wanahitaji tu kujua lini una nafasi, chagua kuonyesha nyakati zenye shughuli pekee, bila maelezo. Na anwani ikivuja, Google Calendar hukuruhusu kuibadilisha: ya zamani hufa papo hapo, ila hata wale uliowapa kwa hiari yako itabidi uwatumie mpya.