Kupima pumzi usingizini: faida ipo kwenye kukodisha kifaa

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa mwezi Mei, malori ya Bariadi hutembea usiku na mchana. Dereva anayesinzia ni hasara kwa mwenye gari na mwenye mzigo. Chanzo kimojawapo ni apnia, yaani kukatika kwa pumzi usingizini: njia ya hewa kooni hujifunga kwa sekunde 10 au zaidi, mwili hushtuka, na mtu huamka amechoka bila kujua sababu. Makadirio ya mwaka 2019 yaliwaweka wagonjwa wa miaka 30 hadi 69 duniani karibu bilioni 1.

Kipimo kamili humlaza mtu hospitalini usiku mzima akiwa na nyaya kichwani na kifuani. Vifaa vipya visivyogusa mwili huwekwa kando ya kitanda nyumbani. Hurusha mawimbi hafifu ya redio, ambayo hupenya shuka na neti, hugonga kifua na kurudi na taarifa za kupumua. Pumzi ikikatika mara 5 hadi 14 kwa saa, ugonjwa ni mdogo. 15 hadi 29 ni wa kati. 30 na kuendelea ni mkali.

Upungufu upo. Feni au mtu wa pili kitandani huweza kuvuruga taarifa, na oksijeni ya damu kwa kawaida huhitaji kipimo cha kidoleni. Uamuzi ni wa daktari.

Kwa mwekezaji mdogo wa Simiyu, kuuzia kila kaya kifaa ni biashara dhaifu, kwani mteja hukihitaji siku chache tu. Kukikodisha kwa usiku kupitia zahanati au hospitali kuna mantiki zaidi: wateja wawili kwa wiki ni 104 kwa mwaka.

Kabla ya kuagiza, mfanyabiashara athibitishe usajili wa TMDA na idhini ya TCRA, kwa kuwa kifaa hutumia mawimbi ya redio. Ajihadhari pia na mashine kuukuu za kusukuma hewa zinazotumika kwa tiba: Juni 2021 Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji ya ndani ilikuwa ikichakaa na kumomonyoka.

Hesabu ya mtaji ianze na daktari wa kusoma majibu na mahali pa kumpeleka mgonjwa. Vikikosekana hivyo, kifaa kitabaki kabatini.