Kabla ya kununua kinasa sauti kipya cha gitaa

MPIGA gitaa wa Githongo, Meru, anayetaka kubadilisha vinasa sauti aina ya hambaka hana budi kujua kwanza anachokitafuta, kwani kosa la ununuzi huonekana tu baada ya kulehemu.

Hambaka ilibuniwa na Seth Lover wa kampuni ya Gibson, Marekani, mwaka 1955. Ina koili mbili zilizosokotwa kinyume, na sumaku yazo imeelekezwa kinyume pia. Hivyo, mvumo wa umeme, ambao nchini Kenya ni wa hezi 50, hujifuta huku sauti ya nyuzi ikiongezeka.

Utata huzuka katika nguvu. Wauzaji hupenda kutaja ukinzani wa koili: kilo-omu 7 hadi 9 ni mtindo wa kale, ilhali zaidi ya 13 aghalabu hulengwa roki nzito. (Tarakimu hiyo haisemi yote; waya mwembamba zaidi huipandisha bila kuongeza nguvu.) Sasa, uhai wa benga umo katika noti nyembamba zinazokimbizana, kila moja ikisikika peke yake. Hambaka kali yenye sumaku ya seramiki huzivuruga. Afadhali iliyo pole, yenye sumaku ya alniko.

Pima pia nafasi ya nyuzi darajani, na uhakikishe potenshiomita ni za kilo-omu 500. Za 250 huifanya sauti iwe butu.

Na kabla ya kutoa hata shilingi, chukua bisibisi ukishushe kinasa cha sasa milimita moja au mbili. Mara nyingi sauti iliyokoroma husafika papo hapo.