Kwa nini vita hufuata matangi ya mafuta

Kifaru kisicho na mazutu ni chuma kilichoegeshwa. Anayetaka kuvisimamisha vifaru hamsini anaweza kuviwinda kimoja kimoja huku akipoteza watu wake, au achome matangi yanayovilisha vyote. Matangi hayakimbii, hayafichiki, na yakishika moto hujimaliza yenyewe. Mei 1944 ndege za Marekani zilianza kupiga viwanda vya Ujerumani vilivyotoa petroli kwenye makaa ya mawe. Wajerumani waliendelea kuunda ndege za kivita kwa wingi, lakini mafuta ya kuzirusha yalipungua, hata ya kuwafunzia marubani wapya.

Huku kusini mwa Afrika, Desemba 1978, wapiganaji wa ZANLA, jeshi la msituni lililopigania ukombozi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), walilipua matangi ya mafuta ya Salisbury, mji mkuu ambao leo ni Harare, na moto ukawaka siku kadhaa. Rhodesia haikuwa na kisima hata kimoja cha mafuta.

Miaka kumi na mitatu kabla ya hapo, Rhodesia hiyohiyo ndiyo iliyowakatia wengine mafuta, bila kufyatua risasi. Waziri Mkuu wake, Ian Smith, alijitangazia uhuru Novemba 1965, Uingereza ikamwekea vikwazo vya mafuta, naye Desemba akaifungia Zambia, ambayo mafuta yake yalipitia kwake. Migodi ya shaba ikawa hatarini. Ndipo mwanzoni mwa 1966 ndege za Pan Am na TWA zikawa zinashusha mapipa hapa Lubumbashi, wakati huo Elisabethville, kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kisha malori yakayavusha mpaka. Hebu piga hesabu: pipa la lita 200 hivi linasafirishwa kilomita 1,500 na ndege ambayo nayo inakunywa mafuta njia nzima! Gharama hiyo haivumiliki muda mrefu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likaifikishia Zambia mafuta bila kupitia kwa Smith.

Leo mafuta yetu mengi ya Lubumbashi huingia kwa malori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Jenerali akitazama ramani ataona barabara moja. Mimi naona jenereta ya chumba cha upasuaji, mashine ya kusaga mahindi na pampu ya maji, vyote vikinywa kutoka lori lilelile. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa umeme: Agosti 1998 waasi na askari wa Rwanda walipoteka bwawa la Inga na bandari ya Matadi, walionyimwa umeme Kinshasa hawakuwa wanajeshi peke yao, bali wagonjwa pia. Kwa hiyo akiba ya mazutu ya hospitali za Lubumbashi inafaa iwekwe kwenye viwanja vya hospitali zenyewe, mbali na matangi makubwa ya mji.