Kwa nini Stanley hakuiona Rwenzori

Januari 1876 msafiri Henry Morton Stanley alipiga kambi karibu na Ziwa George, si mbali na Kasese ya leo nchini Uganda, kisha akaondoka bila kuiona theluji ya Rwenzori. Safu yenye urefu wa kilomita 120 hivi, kilele chake kikiwa mita 5,109, ilimpita machoni.

Mtu wa Bugoye, chini ya milima hiyo, hashangai. Hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo ikifika milimani hupanda, hupoa, hugeuka mawingu na mvua. Maji hayo ndiyo yanayojaza mto Mubuku na kuendesha mtambo wa umeme wa Bugoye, megawati 13. Januari mvua hupungua, lakini hapo vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa hushika zamu ya mawingu. Theluji huonekana vizuri alfajiri, hasa baada ya mvua. Mgeni wa siku chache anabahatisha tu.

Stanley alirudi, safari hii akitokea Kongo. Aprili 1888 maofisa wake wawili, Parke na Jephson, walimwambia wameona mlima wenye theluji; hakuwaamini. Tarehe 24 Mei, karibu na Ziwa Albert, kijana mmoja akamwonyesha mlima ambao, alisema, umefunikwa na chumvi. Ameyaandika hayo Stanley mwenyewe, bila kutaja jina la kijana. Nami sioni ujinga katika jibu lile. Kule Katwe, miguuni pa milima hiyohiyo, watu walikuwa wakivuna chumvi ziwani tangu zamani na kuiuza mbali. Kitu cheupe kinachong'aa juani kingekuwa nini kingine?

Kufika kileleni kulichukua miaka 18 zaidi. Juni 1906 Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia na Duki wa Abruzzi, alipandia bonde la Mubuku, njia ambayo wapandaji wanaianza hadi leo Nyakalengija, juu ya Bugoye. Wakonzo, wenyeji wa milima hiyo, walimbebea mizigo mpaka kambi ya Bujongolo, na tarehe 18 akasimama juu ya Margherita, kilele alichokipa jina la malkia wa Italia. Milima mingine ikapewa majina ya wasafiri wa Ulaya: Speke, Baker, Emin, Gessi. Speke hakuwahi kufika hapa. Wakonzo, ambao walikuwa na majina yao na mungu wao wa mlimani, Kitasamba, hawakupewa hata kilele kimoja. Jina la Mkonzo unalikuta kwenye banda la kulala lililoko mita 3,400 hivi: John Matte, aliyekuwa akiwaandalia wapandaji wapagazi.

Kwa maoni yangu, kitu chenye thamani kubwa kuliko bendera ya kileleni kilikuwa kamera ya Vittorio Sella, mpigapicha wa msafara ule. Picha zake ni safi kiasi kwamba wanasayansi huziweka kando ya picha za leo na kupima barafu ilivyorudi nyuma. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilikuwa kilomita za mraba 6.5 hivi, sasa haifiki hata moja. Njia ya kwenda Margherita nayo imelazimika kuhamishwa, kwa sababu barafu iliyokuwa ikikanyagwa imepasuka na kuyeyuka, na waongozaji wa Nyakalengija hutumia ngazi na kamba kupita mahali ambapo wazee wao walipita kwa miguu.