Bafle ya zamani: kama sponji imekatika, usiitupe bado

Ku Butembo na ku Beni, mu saloni za familia mingi, kungali bafle kubwa za mbao zenye ziliingia wakati kahawa ilikuwa inalipa. Nyuma ya baridi kali yenye iliunguza mashamba ya Brazil mu 1975, bei ya kahawa ilipanda mu dunia yote, na feza ya kahawa ilinunua vitu mingi huku. Leo bafle hizo ziko mu pembe, zinabeba televizyo. Ukiuliza, wanakujibu: "Ilikufa zamani." Mara mingi haijakufa. Kile kimekufa ni duara moja la sponji.

Toa kitambaa cha mbele uangalie. Ile karatasi nyeusi inayotetemeka njo koni. Pembeni yake kuna ukingo laini unaoishikanisha na chuma. Nyuma, koni imeshikana na bobini, waya mwembamba uliozungushwa, unaoenda mbele na nyuma ndani ya sumaku. Mu bafle mingi za miaka ya 1970 na 1980, ukingo huo ni wa sponji ya poliyuretani. Unyevu wa hewa unaikula polepole, hata kama bafle haipigwe, na jua la dirishani linaharakisha kazi. Nyuma ya miaka 10 ao 20 inaanza kunata, kisha inabomoka mu vidole kama keki kavu. Butembo iko juu, zaidi ya metre 1,700, na ukungu wake. Beni iko chini na joto. Sponji haiponi fasi yoyote kati ya hizo mbili. Lakini kuna bafle zenye ukingo wa kauchu ao wa kitambaa, na hizo zinadumu sana. Hakikisha uko na ya namna gani mbele ya kukata kitu.

Ukingo ukipasuka, besi inapotea ya kwanza. Kwa mupenzi wa rumba hiyo si kitu kidogo. Rumba ya Kongo, yenye UNESCO iliandika mu urithi wa binadamu tarehe 14 Desemba 2021, inatembea juu ya gitaa ya besi. Basi mutu anaongeza sauti ili aitafute. Hapo njo hasara inazaliwa: koni inayumba, bobini inasugua sumaku, waya inaungua. Kazi yenye ilihitaji duara la sponji sasa inahitaji spika nzima. Kwa hiyo, ukiona sponji imekatika, zima.

Mbele ya kununua chochote, weka vidole viwili ao vine kuzunguka katikati ya koni, usukume polepole na sawasawa. Ikienda bila kukwaruza, bobini ni nzima. Fundi wa redio mwenye multimetre anaweza kupima pia: spika ya ohm 8 kawaida inaonyesha karibu 6. Kama mashine haionyeshi kitu, waya imekatika, na gundi haitasaidia.

Kazi yenyewe inaomba uvumilivu kuliko vyombo. Sponji ya zamani inatolewa yote, pamoja na gundi yake, kwa alkoli ya farmasi na kijiti cha mbao. Kisu kinapasua karatasi. Duara jipya linapimwa ndani na inje, juu spika mbili zenye zinaitwa inchi 8 zinaweza kutofautiana kwa milimetre kadhaa. Wengine wanakata mpira wa ndani wa baiskeli. Ni akili ya kujipanga, lakini mpira ule ni muzito na mugumu. Koni inafungwa kama mutu aliyevaa viatu vidogo. Ngozi pia inafanya vile.

Gundi nyeupe ya maseremala ni muzuri kwa karatasi, juu inakauka polepole na inakuacha nafasi ya kurekebisha. Gundi ya viatu inashika mara moja: ukikosa, umekosa. Anza kwa kushikanisha duara na koni, uache usiku muzima. Kesho yake shikanisha upande wa chuma, na mbele gundi haijakauka sukuma tena koni kwa vidole, ukisikiliza. Ikikwaruza, sogeza kidogo. Hapa njo watu mingi wanaharibu, juu wanataka kusikia muziki jioni ile ile.

Kisha kuna sanduku. Mu 1954, Mumarekani Edgar Villchur alileta bafle AR-1, yenye sanduku lililofungwa kabisa: hewa ya ndani njo inarudisha koni kama ressort. Kama bafle yako ni ya namna hiyo na hewa inatoroka ku misumari ya vis, ku fasi ya waya ao ku mbao iliyofunguka, besi haitarudi hata na sponji mupya. Ukisukuma koni na kuiachilia, inapaswa kurudi polepole. Ikiruka haraka, tafuta tundu. Lakini bafle yenye tundu la mviringo lililotengenezwa na kiwanda, usilizibe. Kwa kuziba mapengo, tumia kitu laini chenye kitafunguka siku nyingine. Silikoni inayonuka siki inatoa asidi inayokula chuma, iachie madirisha.

Sokoni kuna bafle mupya zenye zimeandikwa "watt 3000" kwa karato. Zinyanyue, uangalie sumaku. Namba kwa karato haipigi muziki.

Hata bafle iliyopona inaweza kuuawa na ampli. Betri ya solaire ikichoka na sauti ingali juu, ampli inakata mawimbi, na twita, ile spika ndogo, inaungua ya kwanza. Sauti ikianza kuchanika, punguza. Na ndani ya ampli usifungue mwenyewe: kondensateri zake zinaweza kubaki na umeme hata ukitoa waya ku ukuta.

Mwisho, chukua jiwe la tochi la volt 1.5, uguse waya za bafle moja kwa sekunde moja tu: plas ku nyekundu, minas ku nyeusi. Spika ya besi inapaswa kutoka mbele. Fanya vile ku ya pili. Kama moja inaenda mbele na ingine nyuma, geuza waya za moja, juu zikiachwa vile, besi ya moja inafuta ya ingine.