Laptopu Mpya Imechelewa: Ungoje ama Ununue Sasa?

Mwenzetu mmoja hapa ofisini, alipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, alikuwa na laptopu iliyozimika kila chaja ilipoguswa. Pesa za kununua nyingine alikuwa nazo, shilingi 38,000, ameziweka kidogo kidogo kwa simu. Lakini alikuwa amesikia kuna modeli mpya inakuja, akajiambia, "Wacha ningoje, hizi za sasa zitashuka bei."

Akangoja miezi sita. Wiki mbili kabla ya kuwasilisha mradi wake, ile ya zamani ikakufa kabisa. Kwa ile haraka, akatuma 5,000 za "kushikilia" laptopu aliyoiona mtandaoni, kwa namba ya mtu binafsi. Muuzaji akazima simu. Mradi aliumalizia saiba, analipa kwa dakika.

Ametukubalia tuisimulie hadithi hii kwa sababu swali lake ndilo wateja wetu wengi wanaoweka akiba hutuuliza: ningoje ama ninunue?

Waliongoja, walipata nini?

Tuanze na mfano unaojulikana duniani. Mwaka wa 2016, watumiaji wengi wa kompyuta za Apple walikuwa wanalalamika. MacBook Pro ya inchi 15 ilikuwa imeguswa mara ya mwisho Mei 2015. Mac mini ilikuwa ya 2014, na Mac Pro ilikuwa ya 2013. Nani atoe pesa nyingi kununua kitu cha zamani, na mpya inaweza kutoka kesho? Mwaka wa fedha wa 2015 Apple iliuza Mac kama milioni 20.6. Mwaka uliofuata zikawa milioni 18.5.

Modeli mpya ya MacBook Pro ilitangazwa Oktoba 27, 2016. Je, waliovumilia walikula mbivu? Si wote. Ya inchi 15, ambayo awali ilianzia dola 1,999, sasa ilianzia dola 2,399. Matundu ya HDMI, kadi ya kamera na USB ya kawaida yaliondolewa, na ikabidi watu wanunue adapta. Kibodi yake nayo ikasumbua, hadi Juni 2018 Apple ikaanzisha mpango wa kuzitengeneza bila malipo.

Hatusemi kungoja ni ujinga. Tunasema kitu kipya si lazima kiwe cha bei nafuu, wala kisiwe na kasoro.

Mauzo yakishuka, mbona bei ya Nairobi haishuki?

Wengine wanangoja kwa sababu wamesikia kompyuta hazinunuliwi. Ni kweli kulikuwa na kushuka kukubwa. Wakati wa korona watu walifanya kazi na kusoma nyumbani, na mwaka wa 2021 kompyuta karibu milioni 349 zilisafirishwa kwenda sokoni duniani, kwa hesabu ya kampuni ya utafiti ya IDC. Waliohitaji wakawa wameshanunua. Mwaka wa 2022 zikawa karibu milioni 292, na 2023 karibu milioni 260.

Lakini hapa kwetu laptopu zinaagizwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imerudi karibu 130. Hebu tupige hesabu: laptopu ya dola 500, kabla ya ushuru na usafiri, ni shilingi 80,000 kwa bei ya kwanza, na 65,000 kwa bei ya pili. Ni mashine ileile, na tofauti ni 15,000. Kwa hivyo ukiwa unavizia bei, fuata bei ya dola kuliko uvumi wa modeli mpya.

Halafu kuna gharama ya kungoja yenyewe. Kama kila siku ya kazi unalipa saiba shilingi 200, hizo ni 1,000 kwa wiki. Miezi sita ni kama wiki 26, yaani 26,000. Umengoja hadi umelipa zaidi ya nusu ya laptopu ya ex-UK ya 40,000, na bado huna laptopu.

Sasisho zilizochelewa ni shida nyingine

Wengi wetu hununua ex-UK, na hapo ndipo pa kuwa macho. Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine bado inawaka, lakini bila kuisajili kwa mpango wa nyongeza wa usalama, haipati tena viraka vya kuziba mianya ya wezi. Kama unaingia kwa akaunti ya benki ama ya biashara yako kupitia laptopu hiyo, usilichukulie hilo kirahisi.

Windows 11 nayo haikubali kila mashine. Kwa laptopu za Intel Core, kwa kawaida inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hivyo muuzaji akikuambia "hii ni i5," usitosheke. Uliza ni i5 ya kizazi gani. Angalia namba inayofuata: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni kizazi cha 8. Kuna mafundi wanaolazimisha Windows 11 iingie kwa mashine ya zamani. Inaingia, lakini Microsoft haikuhakikishii kwamba itaendelea kupata sasisho.

Na kama laptopu yako inakubali sasisho lakini umekuwa ukiziahirisha kwa sababu ya bando, tafuta siku moja ya Wi-Fi, kwa rafiki ama maktaba, uzimalize. Chomeka chaja kwanza.

Jinsi ya kuamua, na jinsi ya kulipa

Sisi tunafuata kanuni hii rahisi: kama laptopu ndiyo inakuletea riziki ama inakusomesha, na uliyo nayo imeanza kukuangusha, nunua inayotosha kazi yako leo. Kama uliyo nayo inafanya kazi vizuri na inapata sasisho, ngoja, lakini jiwekee tarehe. Kungoja bila tarehe ndiko kulimponza mwenzetu.

Ukingoja, pesa zisikae tu kwa salio la kawaida ambapo zitaishia kwa nauli na chipsi. Zitenge. Shilingi 1,500 kila wiki kwa wiki 30 ni 45,000.

Ukitaka kulipa mdogo mdogo, piga hesabu ya jumla kabla ya kukubali. Tuseme laptopu ni 42,000 taslimu. Unaambiwa utoe 9,000 kwanza, kisha 1,000 kila wiki kwa wiki 48. Jumla ni 57,000. Umeongeza 15,000. Pengine inafaa kama laptopu itakuingizia zaidi ya hizo, lakini amua ukijua.

Siku ya kununua:

- Iwashe mwenyewe. Chomoa chaja uone betri inakaaje, na ujaribu kibodi, kamera na spika.
- Usitume pesa za "kushikilia" kwa mtu usiyemjua. Kagua kwanza, ulipe baadaye.
- Lipa kwa till ya duka, na uhakikishe jina unaloliona kwenye simu ni la duka hilo. Ukiambiwa "tuma kwa hii namba yangu tu," uliza kwa nini.
- Omba risiti yenye namba ya siri ya mashine na muda wa waranti. Usifute ujumbe wa malipo.
- PIN yako ni yako peke yako. Hata fundi anayekusaidia hana haja nayo.

Mwenzetu hatimaye alinunua ex-UK ya kizazi cha 8, akiwa ameishika mkononi kabla ya kulipa. Ile modeli aliyokuwa akiingoja ilitoka baadaye. Alipoona bei yake alicheka, akafungua laptopu yake, akaendelea na kazi.