KETE KUMI, MIRABA SITINI NA MINNE

Wapo watu wanaodhani kwamba tarakilishi na Kiswahili ni kama mafuta na maji. La hasha! Leo nataka tuzungumze kuhusu jambo la tarakilishi, tena kwa lugha yetu hii hii, nalo ni namna programu inavyoweza kuficha kete kwenye ubao wa mchezo.

Michezo mingi tunayoijua haihitaji bahati katika kupanga kete. Drafti ya vifuniko vya soda, ile unayoweza kuicheza hapa Daraja Mbili ukingojea mvua ipite, huanza na kete 12 kila upande na kila mtu anajua zinakaa wapi. Bao la Kiswahili la kule pwani lina mashimo 32 na kete 64, na mpango wake wa kuanza haubadiliki. Lakini iko michezo ya tarakilishi isiyoweza kuanza mpaka kete zifichwe ovyo ovyo. Ule wa kutafuta mabomu uliokuja na Windows 3.1 mwaka wa 1992 ulimpa anayeanza ubao wa miraba 64 na mabomu 10. Si 9, si 11. Ni 10 kamili!

Hapo ndipo kazi ilipo. Twataka idadi isibadilike, na pia twataka kila mraba uwe na nafasi sawa na mwenzake. Hebu fikiria ubao uliochongwa kwa mawe ya sabuni ya Tabaka, wenye miraba 64, nawe una kete 10 mkononi. Zipo njia zaidi ya bilioni 151 za kuzipanga, na programu iliyo ya haki haipendelei hata moja.

Wengi hukimbilia kupita mraba kwa mraba, na kwa kila mmoja kupiga kura yenye nafasi 10 kati ya 64. Kete ikikubali, inakaa, ikikataa, twendelee. Haki ipo hapo, lakini idadi haipo. Leo utapata kete 8, kesho 13. Ukipiga hesabu utaona kwamba kumi kamili hupatikana karibu mara 14 tu kati ya 100. Mchezaji aliyeambiwa atafute kete kumi atatafuta mpaka jioni na kumbe ziko nane!

Njia nyingine ni kuchagua mraba wowote, kuangalia kama uko mtupu, kuweka kete, halafu kuchagua mwingine. Ukikuta umejaa, unachagua tena. Njia hii ni ya haki na idadi yake haikosei, na kwa kete 10 inatosha kabisa. Shida inaanza ubao ukikaribia kujaa. Ukitaka kuweka kete 64, ile ya mwisho ina mraba mmoja tu uliobaki, kwa hivyo kwa wastani tarakilishi itajaribu mara 64 kabla ya kuupata. Na mtu mtundu akiagiza kete 65? Mashine itatafuta mraba usiokuwepo milele na milele, na wewe utadhani imeharibika.

Njia ninayoipenda mimi ni ya kuchanganya. Andika nambari za miraba yote kwenye orodha, kuanzia 1 hadi 64. Kwa nafasi ya kwanza, chagua nambari yoyote katika orodha nzima, kisha ibadilishane mahali na ile iliyokaa pale mwanzo. Kwa nafasi ya pili, chagua kuanzia ya pili hadi ya 64, ubadilishane. Ya tatu, vivyo hivyo kuanzia ya tatu. Ukifika ya kumi, simama. Nambari kumi za mwanzo ndizo miraba ya kete zako. Hakuna kurudia wala kubahatisha tena, na hata ukitaka kete 64 kazi inaisha haraka. Fisher na Yates, wanahisabati wa Uingereza, waliichapisha njia ya namna hii mwaka wa 1938 kwa kalamu na karatasi, na mwaka wa 1964 Richard Durstenfeld akaiandika kwa ajili ya tarakilishi.

Sasa msomaji, tega sikio, maana hapa ndipo wengi huteleza. Yuko atakayesema, "Kwa nini nihangaike kupunguza? Kila mara nitachagua tu katika orodha nzima." Inaonekana ni kitu kile kile, au sivyo? Jaribu na kadi tatu tu, A, B na C, uzichanganye zote. Ukichagua katika tatu kila mara, kuna njia 3 mara 3 mara 3, yaani 27. Lakini kadi tatu zina mipangilio 6. Gawanya 27 kwa 6 uone kama itagawanyika! Haigawanyiki. Mipangilio mitatu itapata njia 5 kila mmoja na mitatu itapata 4. Ukipunguza inavyotakiwa, njia ni 3 mara 2 mara 1, yaani 6, na kila mpangilio unapata moja.

Utasema huo ni mchezo tu, nani atakufa kwa ajili ya kete? Basi sikia haya. Tarehe 1 Desemba 1969, Marekani ilipiga kura ya kuamua vijana gani waitwe jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Tarehe zote 366 za mwaka zilitiwa ndani ya vikopo vidogo vya plastiki, kila tarehe na kikopo chake. Vikopo vilitiwa mwezi baada ya mwezi na havikuchanganywa vya kutosha. Ni kama kumwaga maharagwe juu ya mahindi ukakoroga mara moja tu, halafu ukachota juu. Walioitwa ni wale ambao tarehe zao zilitoka kuanzia ya kwanza hadi ya 195. Katika siku 31 za Desemba, 26 ziliangukia humo, ilhali kura ya haki ingeleta kama 16 au 17. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Desemba alikuwa karibu zaidi na bunduki kwa sababu ya mkorogo mbaya.

Na kwetu je? Tuseme akina mama 64 wanaomba vibanda vya ndizi na vibanda ni 10. Wakiambiwa kwamba tarakilishi ndiyo itakayochagua, wote watanyamaza, maana mashine haina shangazi wala binamu. Lakini aliyeandika mstari ule wa kubadilishana ni mtu, na huo mstari una haki ya kuulizwa maswali.

Kuuliza si kugumu. Iendeshe programu yako mara 6,400, na kila mara kete 10 zikiwekwa, ongeza moja kwenye hesabu ya kila mraba uliopata kete. Jumla lazima iwe 64,000 bila kupungua hata moja. Ikipungua, idadi yako si kumi. Halafu tazama kila mraba peke yake. Unapaswa kuwa na kete karibu 1,000. Ukipata 970 au 1,040, usishtuke, bahati huyumba hivyo. Lakini ukiona mraba wa kwanza una 800 na wa mwisho una 1,200, rudi kwenye ule mstari wa kubadilishana uangalie unachagua kuanzia wapi.